Buluu Hafifu au Buluu Iliyokoza? Kisa cha Chumba cha Ndani, Lamu

Usuli

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya ghorofa mbili, katika mji mkongwe wa Lamu ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mtaa sitautaja, na wenyewe nitawaita kwa nafasi zao tu: Mama, ambaye ndiye mwenye nyumba; Binti, anayefanya kazi Nairobi; na Fundi wa rangi. Mimi kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za aina hii. Katika kisa hiki nilikosea mara mbili, na nitasema ni wapi.

Harusi ya Binti ilikuwa Januari. Mapema Desemba Mama akaniita kuhusu chumba cha ndani cha chini, ambacho ndicho kingewapokea wanawake siku za shughuli. Anayezijua nyumba za Lamu ameshakiona chumba hiki hata bila kuelezwa: unatoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unapita msana, ule ukumbi mwembamba unaoelekea ua huo, ndipo unaingia ndani. Upana wake ni mita 2.7, maana katika nyumba hizi anayeamua upana wa chumba ni boriti ya mkoko, si tajiri wa nyumba. Urefu ni mita 7.2 na kimo mita 3.6. Dirisha hakina. Mwanga wote unaingia kwa mlango wa msana, na msana nao unaupata kutoka kiwandani. Ukifika kwenye pembe za chumba umeshagonga ukuta wa kiwanda, sakafu na dari ya msana. Ni mwanga wa mtumba.

Ukuta mrefu unaoelekea mlango una zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu tatu, za plasta ya chokaa iliyochongwa, na chache zimemeguka kingo. Kuta nyingine tatu ni wazi. Sehemu ya chini ya kuta hizo, kama mita moja kutoka sakafuni, mtu fulani miaka ya nyuma aliipiga saruji. Ikumbukwe hiyo saruji.

Mama alitaka buluu hafifu. Chumba hicho tangu enzi za bibi yake kilipakwa chokaa yenye nili kidogo, ile inayoufanya weupe ung'ae kama kanzu ya Ijumaa, na kwake samawati ya mbali ilikuwa hatua ya kutosha kwa ajili ya harusi. Binti alitaka buluu iliyokoza, inayokaribia wino. Alituma picha kumi na moja kwa simu, na Mama alizitazama moja moja, kisha akauliza, "Huyu ataka chumba au ataka kisima?"

Kadi ya dukani

Rangi ilichaguliwa dukani kwenye kadi, kila rangi kipande cha ukubwa wa kiberiti. Mama aliitoa kadi nje kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye buluu ya pili kutoka juu, akanigeukia.

Nikasema neno ambalo kila msimamizi hulisema: "Chumba kina kiza, mama. Chukua hafifu, kitafunguka."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kadi ilikuwa imesimama juani, na rangi ilikuwa inakwenda kukaa mahali jua halifiki. Zaidi ya hapo, sikuuliza chumba kitatumika saa ngapi. Binti nilimjibu kwa ujumbe kwamba buluu nzito itakila chumba. Nililisema kwa uhakika mkubwa kuliko ujuzi niliokuwa nao.

Hesabu ilikuwa hivi. Kuta nne zina mita za mraba 71. Ukitoa mlango na matundu ya zidaka zinabaki kama 65. Lita moja ya rangi ya maji inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, ukuta ukiwa laini. Mikono miwili ni lita 13, nasi tukaagiza 16 kwa sababu ukuta wa matumbawe hunywa. Rangi ikatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikapanda mtaani kwa punda.

Mkono wa kwanza

Fundi alikwangua, akapiga msasa, akapaka andakoti nyeupe, na siku ya tatu akaanza buluu kwenye kuta tatu zilizo wazi. Zidaka nilimwambia aziache kwanza. Sikuwa na sababu ya maana, nilitaka tu kingo zilizomeguka zizibwe kabla.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikalia. "Mwanangu, ndoo uone. Hichi si chumba cha harusi, ni zahanati."

Nilipoingia nilielewa. Pembeni mwa mlango rangi ilikuwa ileile ya kadi, samawati safi. Ukipiga hatua mbili ndani, ubuluu ulianza kuondoka. Kwenye pembe ya mashariki palikuwa na kijivu cha maji ya kufulia, yale ya suuzo la mwisho. Fundi akawasha balbu ya njano iliyokuwa mle, na kijivu kikageuka kuwa kijani kisichojulikana ni kijani gani. Mama alisimama katikati, mikono kiunoni, hasemi kitu.

Fundi alishauri tuongeze mkono wa pili kabla ya kuhukumu. Mkono wa pili hufunika vizuri zaidi, lakini haubadilishi namna rangi inavyokutana na mwanga, kwa hiyo nilimsimamisha. Tulikuwa tumetumia lita sita, na makopo mengine yalikuwa hayajafunguliwa.

Mbao tatu

Niliomba siku mbili. Tulikata vipande vitatu vya ubao mwembamba, kila kimoja sentimita 60 kwa 90, tukavipaka mikono miwili: hafifu ileile, ya wastani, na nzito aliyoitaka Binti. Tukavitembeza: karibu na mlango, katikati ya ukuta, na pembeni kabisa. Tulivitazama saa mbili asubuhi, adhuhuri, saa kumi, magharibi kabla ya taa, na saa mbili usiku. Kila aliyetazama aliandika neno moja, bila kuambiana. Alama za moja hadi kumi nimeziacha siku nyingi, kwa sababu mtu akitoa "saba" hakuna anachojifunza mwenzake.

Adhuhuri, ubao hafifu ulishinda karibu na mlango tu. Pembeni Mama aliandika "moshi", Fundi "jivu". Ubao wa wastani haukupata neno la sifa wala la lawama popote. Ubao mzito karibu na mlango ulionekana mkali, kama bango la duka, lakini pembeni ulitulia. Ulikuwa na kiza, ndiyo, lakini kiza chenye rangi. Pembe ya chumba iliyokuwa inaonekana kama uchafu sasa ilionekana kama imekusudiwa.

Kilichotushangaza ni magharibi. Jua likishazama na kabla hatujawasha taa, ubao mzito uliamka. Fundi alidhani nimewasha simu. Jambo hili lina maelezo, na mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkyně, aliliandika karne ya 19: mwanga ukipungua, jicho hubadilisha sehemu linayoitumia kuonea, na sehemu hiyo inaiona buluu vizuri kuliko nyekundu. Ndiyo maana waridi jekundu huzimika jioni mapema huku majani yake yakiendelea kuonekana. Kwenye chumba chenye mwanga wa mtumba, jicho huikaribia hali hiyo mapema kuliko lilivyo nje.

Usiku tulijaribu balbu mbili. Ya njano, ya Kelvini 3000, iliuharibu ubao hafifu, kwa kuwa njano juu ya buluu nyepesi huzaa ukijani. Ubao mzito uliistahimili, ukawa kama nguo ya bahameli. Balbu nyeupe ya 6500 iliirudishia hafifu ubuluu wake, lakini ikaturudisha kwenye zahanati.

Binti alikuwa anaulizia picha kila saa. Nilimtumia, kisha nikamwomba asizihukumu, kwa sababu kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Picha ya ubao mzito ilimfikia ikiwa hafifu kuliko tulivyouona sisi.

Upinzani wa Mama, nao ulikuwa wa haki

Mama alikubali kwamba nzito inapendeza, lakini akaleta mambo mawili. La kwanza, yeye husoma juzuu yake mle baada ya magharibi, na mato yake si ya jana. Ukuta mzito hautamrudishia mwanga. Hili ni kweli kwa hesabu. Rangi hupimwa kwa kiwango cha kurudisha mwanga, kutoka 0 hadi 100: nyeupe nzuri hupita 80, na buluu ya wino huwa chini ya 10. Taa ileile moja, ukizungusha kuta za namna hiyo, msomaji anabaki na mwanga wa balbu peke yake.

La pili lilikuwa zidaka. "Ukizipaka hiyo, utaziua." Nilichukua ubao mzito nikauegemeza karibu na kidaka, na kingine nikakiacha na chokaa yake. Nakshi ya plasta haina rangi ya kwake. Inaonekana kwa kivuli tu. Mchongo wa nusu sentimita kwenye ukuta mweupe una kivuli unachoweza kukifuata kwa jicho kutoka mlangoni. Ukuta ukiwa na rangi ya usiku, kivuli kitakaa wapi? Waliozichonga walijua wanachofanya walipoziacha nyeupe kwenye chumba chenye kiza.

Uamuzi na sababu zake

Tulikaa msanani, Binti yuko kwenye spika ya simu, tukaamua hivi. Kuta tatu zilizo wazi za chumba cha ndani: buluu nzito, rangi ya maji isiyong'aa. Ukuta wa zidaka: chokaa nyeupe, bila rangi ya kopo. Boriti za dari zibaki zilivyo. Msana upakwe buluu hafifu, lakini ya chokaa na nili, kama ya bibi. Lita zilizobaki za hafifu zirudishwe dukani kama zitapokelewa. Zilipokelewa, kasoro kopo moja lililobonyea. Kiti cha Mama cha kusomea kikahamia mlangoni, upande wa msana, na balbu ya 3000 ikaongezwa juu yake.

Sababu kuu ilikuwa saa za matumizi. Mchana hakuna anayekaa ndani. Watu wako msanani na kiwandani. Chumba kinatumika magharibi na usiku, na saa hizo ndizo tulizoona buluu nzito ikikaa vizuri. Msana unatumika mchana, nao una mwanga wa kutosha kuibeba hafifu.

Nitasema neno kuhusu nili, kwa sababu wengi huuliza. Si kila buluu inakubali chokaa. Tulinunua pakiti mbili za unga wa buluu, tukachanganya kila moja na chokaa kwenye sahani ya udongo, tukaziacha usiku kucha. Asubuhi moja ilikuwa ileile. Nyingine ilikuwa imegeuka hudhurungi, kama chai iliyomwagika. Buluu ya Prashia huvunjwa na ukali wa chokaa. Ile ya aina ya lazuli, iliyoanza kutengenezwa kwenye viwanda vya Ufaransa miaka ya 1820, huistahimili. Sahani moja na usiku mmoja vinatosha kujua ulichouziwa. Tena chokaa ikiwa mbichi ukutani huonekana nzito, ikikauka hupauka sana, kwa hiyo Mama alipolalamika "imezidi" siku ya kwanza, nilimwomba asubiri kesho.

Buluu nzito ilihitaji mikono mitatu badala ya miwili. Kwa mita za mraba kama 40 ilikuwa lita 12, na Fundi alidai siku ya ziada, ambayo alistahili.

Matokeo: kaskazi, masika, kusi

Harusi ilikwenda vizuri. Usiku wa shughuli za wanawake mimi sikuwepo, bila shaka, lakini Mama alinieleza kwamba dhahabu zilionekana kutoka mlangoni, na moshi wa udi uliweza kufuatwa ukipanda mbele ya ukuta, jambo ambalo kwenye ukuta mweupe hulioni. Mashangazi wawili walisema chumba kimekuwa kidogo. Shangazi wa tatu alikataa kutoka.

Aprili mvua zikaanza. Mwezi wa tano Mama akaniita tena, safari hii hakusema zahanati. Alinionyesha kwa kidole. Kwenye ukuta wa magharibi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, buluu ilikuwa imevimba mapovu, na palipopasuka palikuwa na chumvi nyeupe, laini kama unga wa ngano. Nilipopitisha kidole ilidondoka sakafuni, na rangi ikafuata, kipande cha ukubwa wa kiganja, kikiwa na ngozi ya plastiki nyuma.

Hilo ni kosa langu la pili. Saruji niliiona tangu siku ya kwanza. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiupiga saruji chini na rangi ya plastiki juu, maji hutafuta njia, na yakitoka huiacha chumvi nyuma ya rangi, ikikua hadi iisukume. Nilijua. Niliacha kwa sababu harusi ilikuwa karibu na kubandua saruji ni kazi ya vumbi la wiki nzima. Buluu hafifu ingepata ugonjwa uleule, ila ingeuficha: chumvi nyeupe kwenye samawati ya mbali huioni mpaka uiguse. Kwenye buluu nzito inapiga kelele.

Juni, mvua zilipotulia, tulibandua saruji kuta zote tatu hadi kimo cha mita moja, tukapiga plasta ya chokaa, tukaiacha ikauke wiki kadhaa. Juu yake tukapaka chokaa yenye unga wa buluu. Haikuweza kufikia uzito wa rangi ya kopo, kwa sababu ukizidisha unga chokaa haishiki, inakutoka mkononi kama chaki. Kwa hiyo chumba sasa kina mkanda wa buluu ya wastani chini na buluu nzito juu. Binti aliuona kwenye picha akadhani tumebuni.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mbao, na hasa kuzihamisha. Ungezitundika mahali pamoja ungepata jibu la mahali hapo tu. Maneno yaliyoandikwa bila kuambiana nayo yalisaidia: "moshi" na "jivu" kutoka kwa watu wawili tofauti vilimaliza ubishi ambao ningeuendeleza kwa siku mbili kwa kujitetea.

Ushauri kwamba chumba chenye kiza kipakwe rangi hafifu ni wa kweli pale ambapo kiza ni cha wastani na kuna dirisha. Rangi hafifu hurudisha mwanga, haiutengenezi. Chini ya kiasi fulani inachorudisha ni kijivu tu.

Kuna ushauri mwingine ambao Binti aliutuma, kwamba chumba kinachoelekea kaskazini ni cha baridi na kisipakwe buluu. Umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambao jua lao la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Lamu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Nyumba zetu nyingi za kale zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla, na jua la adhuhuri hupita pande zote mbili: Desemba liko kusini, Juni liko kaskazini. Katika nyumba hii Desemba jua lilipiga ukuta wa ng'ambo wa kiwanda, ule mweupe, likarudi msanani likiwa laini. Juni liliingia msanani lenyewe, kama hatua moja na nusu kutoka ukingoni, na buluu hafifu ya chokaa pale ikafifia hadi mgeni akaiita nyeupe. Majaribio yetu yote yalifanywa Desemba. Msana tungeukoleza kidogo zaidi kama tungelifikiria hilo, na sikulifikiria mpaka nilipoliona.

Kuhusu zidaka sina la kuongeza. Mama alikuwa sahihi nami ningekosea, ila nilikuwa nimeziahirisha kwa bahati.

Kuhusu saruji, sasa nauliza kabla ya kuuliza rangi. Nagonga ukuta chini kwa kifundo cha kidole. Chokaa na saruji hazina mlio mmoja. Wenye nyumba hawapendi, kwa sababu wamekuja na kadi mkononi nami nimepiga magoti.

Mbao tatu ninazo bado stoo, hafifu imeingia doa la mafuta ya taa. Wiki iliyopita Mama alituma kijana na punda kuzichukua. Anataka kupaka chumba cha juu, chenye madirisha mawili ya kusini, na safari hii Binti ndiye anayetaka hafifu.